Mtu Asiyejua Kuwa Amepigwa Picha

Mwaka 1916, katika mtaa mmoja wa New York, mpiga picha kijana aliyeitwa Paul Strand alimpiga picha mwanamke aliyesimama kando ya ukuta. Shingoni mwanamke yule alikuwa amening'iniza kibao kilichoandikwa kwa herufi nene kwamba yeye ni kipofu. Juu ya kibao alikuwa amebandika beji ya leseni iliyomruhusu kufanya biashara barabarani. Jicho moja limefumba, jingine limegeukia pembeni.

Strand hakutaka watu wa mitaani wajue kwamba anawapiga. Siku hizo alitumia kamera ya hila: ilionekana imeelekea upande mmoja, kumbe inamchukua mtu aliye upande mwingine, kwa msaada wa kioo kinachopinda mwanga ndani ya lenzi. Alibuni ujanja huo ili watu wasijipange, wasitabasamu kwa adabu, wasigeuze uso. Lakini mwanamke yule asingemwona hata kama Strand angesimama hatua mbili mbele yake na kamera ya miguu mitatu. Basi hila ile ilimficha nani? Ilimficha mpiga picha kwa wapita njia, watu pekee pale mtaani ambao wangeweza kumshika bibi yule mkono na kumwambia, "Mama, kuna mtu anakupiga picha."

Picha ikachapishwa mwaka 1917 katika jarida la Camera Work, na leo ni miongoni mwa picha zinazoheshimiwa sana katika historia ya fani hii. Haina jina la mwanamke. Kwa zaidi ya miaka 100 wasomi wamejadili mwanga wake, ukuta wake, ujasiri wake wa kumsogelea binadamu bila mapambo. Nami nakubali, ni picha kubwa. Ninachouliza ni kitu kingine: yule aliyefichwa kamera, alinyang'anywa nini?

Kwa maoni yangu alinyang'anywa nafasi ya kukataa. Picha inaweza kuwa nzuri au mbaya, ya heshima au ya aibu, lakini kabla ya yote hayo kuna sekunde moja ambayo mtu anaweza kuinua kiganja na kusema hapana. Kamera ya siri huichukua sekunde hiyo. Na kwa kuwa mwenyewe hajui kuwa imechukuliwa, hana cha kudai.

Miaka kadhaa baadaye, kijana mwingine, Walker Evans, aliikuta picha hiyo akiwa katika maktaba ya umma ya New York, na baadaye alieleza jinsi ilivyomtikisa. Evans ndiye aliyekuja kupiga picha za wakulima maskini wa Alabama mwaka 1936, na mwaka 1938 akafanyiwa maonyesho ya peke yake katika jumba la sanaa za kisasa la jiji hilo, heshima ambayo hakuna mpiga picha aliyeipata hapo kabla yake. Ni mtu ambaye angeweza kumwomba yeyote akae mbele ya kamera yake, naye angekaa.

Badala yake, mwaka huohuo wa 1938, aliteremka kwenye treni za chini ya ardhi. Alichukua kamera ndogo ya Contax, akapaka rangi nyeusi sehemu zake zinazong'aa, akaifunga kifuani chini ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo viwili. Waya wa kufyatulia ulipita ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiganja. Alikaa mkabala na abiria, akatulia, akabonyeza. Hakuweza kuinua kamera jichoni wala kupima umbali. Alikisia tu, katika mwanga hafifu wa behewa, huku treni ikitikisika. Ndiyo maana alifanya kazi hiyo wakati wa baridi, majira ya watu kuvaa makoti mazito. Mara nyingine rafiki yake, Helen Levitt, naye mpiga picha, aliketi kando yake, maana watu wawili waliokaa pamoja hawatazamwi sana kama mtu mmoja aliyekodoa macho.

Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1941, akakusanya mamia ya picha. Wanawake waliofunga mikono juu ya pochi zao. Mwanamume aliyezama katika gazeti. Watu wenye macho wazi wasiotazama chochote. Evans aliamini kwamba ndani ya treni sura ya mtu huwa wazi kuliko hata akiwa peke yake chumbani, kwa sababu chumbani kuna kioo. Ni hoja nzito. Mbele ya kioo bado tunajionyesha: tunanyoosha shingo, tunaingiza tumbo ndani, tunajitazama kwa jicho la mtu mwingine. Kwenye kiti cha treni, baada ya kazi ya kutwa, hatujionyeshi kwa yeyote.

Nayarudia haya kwa kirefu kwa sababu ya kile Evans alichofanya baadaye, au tuseme ambacho hakukifanya. Hakuzitoa zote kwa pupa. Mwandishi James Agee aliandika utangulizi wa kitabu mwaka 1940, kitabu hakikutoka. Agee akafariki mwaka 1955, bado hakijatoka. Kilitoka mwaka 1966 kikiwa na picha 89, robo karne baada ya picha za mwisho kupigwa. Mwenyewe Evans alikiri kwamba kazi ile ilikuwa na upelelezi ndani yake, upelelezi wenye majuto, na kwamba ufidhuli wake ulilainishwa kwa kuziacha picha zikae muda mrefu.

Je, muda unalipa deni hilo? Sehemu yake, nadhani. Mwanamke aliyepanda treni mwaka 1939 akiwa na huzuni usoni, mwaka 1966 ni mtu mwingine. Msiba wake umepita, koti lake limechakaa, pengine jirani zake wa leo hawawezi kumtambua. Evans alimwachia nafasi ya kusahaulika kabla ya kumwonyesha. Hakumwachia nafasi ya kukataa, hiyo hakuirudisha. Lakini nikilinganisha na mtu anayerekodi leo asubuhi na kurusha mtandaoni kabla aliyerekodiwa hajashuka kwenye daladala, naona tofauti kubwa.

Upande wetu wa bahari, katika miaka hiyohiyo, picha ilikuwa shughuli ya makubaliano. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na studio nyingine za Mombasa na Lamu, zilipokea watu waliotoka nyumbani wakiwa wamejiandaa. Mteja alivaa vizuri, akajiweka sawa, akachagua akae au asimame, akalipa. Kioo cha studio kilikuwa pale kwa ajili yake, ajitazame kabla hajatazamwa. Kwa familia nyingi za mwambao suala la nani aione picha ya mwanamke wa nyumba lilikuwa, na bado ni, jambo la kuulizana kwanza. Wapo wanaoiita hali hiyo ushamba. Mimi naona kulikuwa na elimu ndani yake.

Kioo chenyewe kinastahili kuelezwa, maana wengi wetu hatujui kinavyofanya kazi. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha karibu asilimia nane ya mwanga na kupitisha sehemu kubwa ya unaobaki. Mchana, nje kuna mwanga mwingi, ndani kuna giza kiasi. Aliye nje anaona kivuli chake na mawingu, aliye ndani anaona barabara yote. Usiku mambo yanapinduka. Ukiwasha taa sebuleni na pazia ukaliacha wazi, wewe unaona sura yako tu kwenye kioo, na aliye gizani nje anakuona mpaka rangi ya kikombe chako.

Kioo cha kuonea upande mmoja kinatumia kanuni hiyohiyo. Hupakwa utando mwembamba sana wa madini, mwembamba kuliko ule wa kioo cha kunyolea, kiasi kwamba sehemu ya mwanga inarudi na sehemu inapita. Hakuna muujiza unaoufanya upite upande mmoja tu. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mwanga: chumba kimoja kiwe na taa kali, cha pili kiwe giza. Mwenye mwanga anajiona yeye, mwenye giza anamwona mwenzake. Katika miaka ya 1940 Yale Joel, mpiga picha wa jarida la Life, aliweka kamera nyuma ya kioo cha namna hiyo kwenye ukumbi wa jumba la sinema huko Broadway, akawapiga watu waliosimama kujitazama, wakiweka sawa nywele na kofia. Zina kichekesho ndani yake. Hazikumvua mtu nguo wala kumtia mtu hatiani. Hata hivyo ziliingia mahali ambapo Evans hakufika, kwa sababu anayejitazama kwenye kioo anaamini kwamba mbele yake yupo mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Ohio, mwaka 1962, polisi wa mji wa Mansfield walikitumia kioo hichohicho kwa kazi nyingine. Katika choo cha umma kilichokuwa kwenye bustani ya katikati ya mji, askari alijificha ndani ya kichumba nyuma ya kioo, na kamera ya filamu ya rangi, akarekodi wanaume waliokutana humo kwa mapenzi. Sheria ya Ohio wakati ule iliyafanya mambo hayo kuwa jinai. Zaidi ya wanaume 30 walitiwa hatiani na filamu ikawa ushahidi. Baadaye ikatumika hata kufundishia polisi wa kwingine. Msomaji anaweza kuwa na maoni yoyote aliyonayo juu ya wanaume wale. Lakini afikirie pia wengine waliopita mbele ya kioo kile, mzee aliyeingia kukojoa, kijana aliyeingia kunawa uso. Wote walitazamwa na serikali wakati wanajitazama, na sidhani kama kuna hata mmoja kati ya hao wasio na hatia aliyepewa taarifa kwamba alitazamwa.

Mwaka 2007 msanii William E. Jones aliionyesha filamu ile ya polisi kama kazi ya sanaa, karibu bila kuigusa, ili watu waone dola ilivyofanya. Naielewa nia yake na ninaiheshimu. Pia siwezi kukwepa ukweli kwamba wanaume wale, waliokwisha kuonyeshwa mara moja mahakamani, walionyeshwa mara ya pili. Sijapata njia ya kuyapatanisha mawazo hayo mawili.

Sasa tutoke kwenye kioo cha ukutani twende kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu huko ndiko sheria ilikobanwa kona.

Arne Svenson ni mpiga picha wa New York anayeishi mtaa wa Tribeca. Baada ya rafiki yake mmoja, mpenzi wa kutazama ndege, kufariki, Svenson alirithi lenzi yake ndefu ya kuvuta mbali. Mkabala na nyumba yake palikuwa na jengo la ghorofa lenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Akaanza kuwapiga picha wakazi wa jengo lile akiwa amejificha kwenye kiza cha chumba chake: mtu aliyelala kwenye kochi, mwanamke aliyeinama kuokota kitu, mgongo, mkono, mkasi. Sura nyingi alizificha. Mara mtu kageuka, mara pazia limemziba. Mwaka 2013 akazionyesha kwenye jumba la sanaa, na wakazi wakajua kupitia vyombo vya habari kwamba wao ndio waliotundikwa ukutani.

Kuna picha zake ambazo ni nzuri kwa namna inayouma. Zina utulivu wa michoro ya zamani ya Uholanzi. Naamini kabisa kwamba hakuwa mtu wa kutafuta uchi. Alijitetea kwamba hakuwatazama kama watu fulani wenye majina bali kama mifano ya maisha ya binadamu, na kwamba waliochagua kuishi nyuma ya kioo wamejiwekea jukwaa. Hoja ya kwanza naweza kuisikiliza. Ya pili siikubali. Mtu hununua nyumba yenye madirisha makubwa ili apate mwanga na aione barabara, na anajua kabisa kuwa mpita njia anaweza kuinua macho. Mpita njia huona kwa sekunde mbili akaendelea na safari yake, naye pia anaonekana. Lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama ndege, ndani ya chumba kilichozimwa taa, siku baada ya siku, haina uhusiano na mpita njia.

Wazazi wa watoto wawili walioonekana katika picha zile walikwenda mahakamani. Picha za watoto wao zikaondolewa kwenye maonyesho, lakini kesi walishindwa, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ikathibitisha kushindwa kwao. Majaji hawakufurahia walichokiamua. Walikiona kitendo kile kuwa cha kusumbua, wakasema kama wananchi wanataka ulinzi zaidi, kazi hiyo ni ya bunge.

Kwa nini walifungwa mikono? Jibu linarudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwenye unga wa ngano. Msichana wa mji wa Rochester, Abigail Roberson, aligundua kwamba picha yake imewekwa kwenye matangazo 25,000 ya kampuni ya unga, yakabandikwa madukani na kwenye baa, bila yeye kuulizwa. Watu waliomfahamu walimtambua, akaugua kwa fedheha. Alishtaki. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikamwambia, kwa kura nne dhidi ya tatu, kwamba hakuna sheria inayompa haki anayoidai. Wananchi walighadhibika, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria: ni marufuku kutumia jina au sura ya mtu kwa matangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi.

Ilikuwa hatua kubwa, na bado ninaifurahia nikiisoma. Lakini angalia ilichouliza. Iliuliza picha imetumika kuuza nini. Haikuuliza ilipatikanaje. Kwa hiyo miaka 112 baadaye, Svenson aliposema kwamba kazi yake ni sanaa na si tangazo la unga, mlango ulikuwa wazi naye akapita. Watoto walikuwa ndani ya nyumba yao. Lenzi ilikuwa gizani. Hayo yote hayakuwemo katika swali la mwaka 1903.

Si kila anayeficha kamera anasimama mbali. Merry Alpern, naye wa New York, mwaka 1999 alitoa picha alizozipata kwa kamera ndogo ya video iliyofichwa ndani ya mkoba, akiingia nayo madukani na kwenye vyumba vya kujaribia nguo. Humo kuna vioo pande zote. Kamera inamkuta mwanamke akivuta zipu isiyofunga, akijigeuza kuona mgongo, akikunja uso kwa gauni lililomkataa. Kati ya wanaoonekana, mmojawapo ni Alpern mwenyewe, na hilo kwangu lina uzito, kwa sababu anayejiweka ndani ya wavu wake anajua maumivu yake. Lakini yeye alijua kamera iko wapi. Wale wengine walidhani ule ni mkoba.

Ninaposema haya sisahau kwamba kamera ya siri imefanya kazi njema duniani. Kuna ukweli usiopatikana ukibisha hodi. Mwandishi anayefichua mlinzi wa kituo cha yatima anayewapiga watoto, au ofisa anayepokea rushwa chini ya meza, hawezi kuanza kwa kuomba ruhusa. Hapo aliyefichwa kamera ni mwenye nguvu, na anayelindwa ni dhaifu. Katika chumba cha kubadilishia nguo, gesti, bafu la hosteli, mambo yamegeuka juu chini: mwenye nguvu ndiye aliyeficha, na aliyevua nguo hana hata kitambaa cha kujifunika. Nikipewa mizani moja tu ya kupimia picha ya siri, nitachukua hiyo.

Korea Kusini imeyapitia haya kwa uchungu kuliko nchi nyingi. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wanawake waliingia barabarani Seoul kupinga kurekodiwa vyooni, kwenye ngazi za stesheni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Machi 2019 polisi wakatangaza kwamba wageni wapatao 1,600 wa nyumba za kulala wageni walirekodiwa kwa siri katika vyumba 42 vya nyumba 30, na picha zao kuuzwa mtandaoni. Kamera zilikuwa ndani ya visanduku vya televisheni, ndani ya soketi za ukutani, ndani ya vishikio vya mashine ya kukaushia nywele. Hao watu 1,600 walilipa chumba, wakalala, wakarudi nyumbani. Bila msako wa polisi wasingejua kamwe.

Ndipo ninaporudi kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake na nyumba yake. Kenya ikatunga sheria ya kulinda data mwaka 2019. Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Na sheria hizi zina meno: Septemba 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Nilizisoma habari zile kwa furaha. Hebu tazama tena, hata hivyo, zilivyoanza. Picha zilichapishwa hadharani, na malalamiko yakapelekwa. Sasa mweke mahali pao binti aliyelala usiku mmoja gesti ya stendi akisubiri basi la alfajiri, ambaye picha yake inazunguka kwenye makundi ya simu ya watu asiowajua katika mji asiowahi kufika. Atalalamikia nini? Faili lake halipo kwa sababu hajui kwamba linapaswa kuwepo. Na siku akijua, mara nyingi atajua kwa njia mbaya kuliko zote, kutoka kwa mtu anayemdai pesa, na atakuwa na mzigo wa kuwaeleza ndugu zake jambo ambalo hakulifanya.

Na vioo sasa vimehamia puani. Miwani ya kawaida kwa sura, yenye kamera kwenye fremu, inauzwa kihalali. Ile ya Ray-Ban na kampuni ya Meta ina kitaa kidogo kinachowaka inaporekodi. Kitaa hicho ndicho pekee kinachosimama badala ya ile sekunde ya kuinua kiganja. Kwenye jua la saa saba mchana Kariakoo au Gikomba, katikati ya msongamano, sidhani kama kuna muuza mitumba atakayekiona.

Watu wametafuta kinga zao wenyewe. Unaojulikana zaidi ni ujumbe unaozunguka kwenye simu ukisema: weka ukucha kwenye kioo, ukiona nafasi kati ya ukucha na picha yake kioo ni salama, ukiona vimegusana kuna mtu nyuma. Usiutegemee. Unachopima hapo ni kama utando wa madini uko mbele au nyuma ya kioo, na hilo halikuambii kuna nini ukutani. Kinachosaidia zaidi ni kuzima taa za chumba, kusogeza uso mpaka kwenye kioo, kukinga macho kwa viganja viwili ili mwanga usiingie pembeni, kisha kuwasha tochi ya simu na kuigandamiza kwenye kioo. Kama nyuma kuna uwazi, utaona ndani. Kigonge pia, kioo kilichobandikwa kwenye tofali hakitoi mlio wa kisanduku kitupu. Kagua king'amuzi, soketi iliyoelekea kitandani, saa ya ukutani. Ukikuta kamera usiing'oe. Ipige picha ilipo, toka chumbani, mtafute polisi, kwa sababu ikishang'olewa mwenye gesti atasema umekuja nayo.

Lakini ni aibu kwamba msafiri aliyechoka, mwenye begi na mtoto mgongoni, ndiye apewe kazi ya kugonga kuta. Seoul mwaka 2018 haikungoja walalamikaji. Iliwapa wafanyakazi wapatao 8,000 kazi ya kukagua vyoo vya umma kila siku. Sheria ya Kenya inamruhusu kamishna wa data kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake, bila mtu yeyote kubisha mlangoni pake. Mamlaka hayo yatumike kwenye gesti, saluni, hosteli za vyuo na maduka ya nguo, na Tanzania nayo ifanye hivyo. Wala haihitaji jeshi jipya. Bwana afya tayari anaingia gesti kukagua choo, maji na mashuka, na mwenye gesti anajua akikataa atafungiwa. Aongezewe tochi na bisibisi, na kwenye fomu yake uongezwe mstari mmoja: kioo kimeshushwa ukutani, nyuma yake kumetazamwa.